Baisikeli Juu ya Meko

Katika majiko mengi ya Rukanga, ukiinua macho, utaona mahindi ya mbegu yamefungwa mafungu mafungu juu ya meko, yapate moshi yasiliwe na fukusi. Jikoni kwa Mama Priscilla, mwaka ule wa themanini na moja, palining'inia mahindi, na kando ya mahindi ikaning'inia baisikeli. Ilikuwa nyeusi, ya kiume, yenye kile chuma cha katikati, imefungwa kwenye boriti kwa kamba za katani, mpini umeinama kama kichwa cha mbuzi aliyekwisha kuchinjwa.

Siku ilipoletwa kutoka kwa fundi wa Maungu, imenyooshwa na kutiwa rimu mpya ya mbele, Priscilla alimwita mwanawe Danson akamwambia, "Funga pale juu. Na asiiguse mtu."

Tryphena alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake. Aliyasikia hayo, akaendelea kuukanda.

Tryphena alikuwa mkaza mwana wa Priscilla, mjane wa kifungua mimba wake, Crispus. Baisikeli ilikuwa ya Crispus. Ndiye aliyemfundisha mkewe kuipanda, jioni za kiangazi, kwenye uwanja wa shule, yeye amelishika tandiko kwa nyuma na anakimbia akicheka, na watu wameketi kwenye nyasi wanatazama sinema ya bure. Homa ilipomchukua Crispus, ukoo ulidhani baisikeli itakwenda kwa ndugu yake, maana kitu cha mwanamume hurithiwa na mwanamume. Haikwenda. Tryphena alikuwa amemaliza darasa la saba, na serikali ilikuwa imempa kazi ya gumbaru, kuwafundisha watu wazima kusoma. Alikuwa na darasa hapo Rukanga, na jingine Makwasinyi, upande wa pili wa mlima Kasigau. Basi alijifunga kanga juu ya sketi, akapanda baisikeli ya mumewe, akaenda kazini. Wazee walitikisa vichwa. Wasichana walimshangilia. Priscilla alinyamaza tu, na kunyamaza kwa Priscilla kulitisha kuliko kelele za mwingine.

Kisha ikaja ajali. Chaki zilikuwa zimekwisha, na gari la abiria lilikuwa bovu juma zima. Tryphena akaamua kwenda Voi kwa baisikeli. Alilala Maungu kwa dada mmoja wa kanisani, na asubuhi akaingia lami. Hakufika mbali. Lori la tela lilikuwa linalipita lori jingine kwenye mteremko, na ubavu wa tela ukamchota kama mtu anavyofagia makombo mezani. Alichokumbuka yeye ni upepo. Ulikuwa upepo mzito wa moto, wenye harufu ya mpira, na ulimfikia kwa nyuma kabla ya lori lenyewe. Alipozinduka alikuwa hospitalini Voi, mguu umening'inizwa kwa kamba na vijifuko vya mchanga, na Priscilla ameketi sakafuni kando ya kitanda, macho makavu, ncha ya leso ameiuma kwa meno.

Priscilla hakurudi Rukanga mpaka Tryphena alipotolewa plasta. Alimwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamsuka nywele ili asilalie mafundo. Tryphena aliyaweka hayo moyoni na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kuhusu baisikeli mkwewe hakusema kitu, na iliporudi, ikafungwa juu ya meko.

"Anamwekea Danson," Tryphena alijiambia.

Na alipojiambia hivyo, hakuona uchungu. Alipaswa kuuona, lakini alichoona ni pumzi zinamshuka. Mguu ulikuwa umeunga. Ulikuwa mfupi kidogo na uliuma siku za mawingu, lakini daktari alisema utafanya kazi yoyote atakayoupa. Kisichounga kilikuwa kingine. Lori la maji likipita tu barabara ya kijiji, yeye yuko ndani ya nyumba na mlango umefungwa, mgongo wake ulikaza kama unangoja fimbo. Hilo hakumwambia mtu. Watu wakimwuliza, "Mwalimu, utapanda lini?" alijibu kwa upole, "Mama hajaniruhusu." Nao walikubali, maana mkwe ni mkwe. Halikuwa jibu la uongo, na lilimfunika vizuri.

Akafundisha Rukanga peke yake. Darasa la Makwasinyi likalala.

Jumatatu moja akaja Bwana Noah, mkaguzi wa gumbaru kutoka Voi, kijana wa Ronge aliyependa kuvaa tai hata kwenye vumbi. Aliletewa kiti uani, akanywa chai, akasifu chai, kisha akasema lililomleta.

"Mwalimu, ripoti ya Makwasinyi naiandika nini? Kila mwezi naandika mwalimu mgonjwa. Wewe leo umenipikia chai."

"Nimepona, bwana. Njia ndiyo sina."

"Kwa miguu?"

"Kwa mguu huu nitarudi jua linazama, na hiyo ndiyo saa ya tembo kushuka kutafuta maji."

Noah akazungusha kikombe. "Nasikia kuna baisikeli."

"Ipo."

"Basi?"

"Mama hajaniruhusu."

Noah alikuwa Mtaita, hakuuliza la pili. Alisimama akajipangusa suruali. "Nitapita tena Alhamisi. Nataka ndiyo au hapana. Ukisema hapana, sikulaumu, lakini darasa nalifunga, na nikilifunga mwaka huu silifungui. Kuna vijiji vingi vinalia vipewe mwalimu."

Kesho yake, Priscilla akiwa amekwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, sauti ilibisha hodi langoni. Alikuwa Syokau, mwanafunzi mkubwa kuliko wote wa Makwasinyi, Mkamba aliyeolewa huko zamani na sasa mjane kama Tryphena. Alikuwa na kuku kwapani na vumbi mpaka magotini.

"Mwalimu yuko, ama ameshaoleka?"

"Niko, mama. Karibu. Umetembea njia yote hiyo?"

"Nimetambaa. Hapo kwenye kona nimekuta mavi ya tembo bado yanafuka moshi. Nikayaamkia, nikapita." Akaketi, akamkabidhi kuku, akanywa maji mpaka mwisho wa kikombe. Kisha akamtazama Tryphena kama anayemtafuta mdaiwa. "Umetuachaje, mwalimu? Yesu wa kitabu chetu cha kusomea tumemwacha jangwani na Shetani. Tumejaribu kusoma mbele, mwenzetu Mutindi anasema maneno ni marefu. Miezi yote hii, maskini, hajala."

Tryphena alicheka mpaka akashika mguu.

"Usicheke. Mimi nikifa kabla hajatoka pale nitakwenda kumwambia nini?" Syokau naye alikuwa anacheka. Kisha akateremsha sauti. "Wanasema mkweo ndiye anayekuzuia. Nimekutana naye njiani sasa hivi. Nikamwambia, naenda kumwomba mwalimu arudi. Nilifikiri atanifukuza. Unajua amenijibu nini? Amesema, 'Uniombee, Syokau, kuna kitu Mungu anitoe.' Mimi mambo yenu Wataita siyajui, lakini mtu mwenye choyo hasemi hivyo."

Neno lile lilimkaa Tryphena vibaya, kama kokoto kwenye kiatu. Miezi yote alikuwa amejificha nyuma ya hasira ya mkwewe, na huyu anamwambia huenda hasira yenyewe haipo.

"Nisaidie kuishusha," akasema.

Walipanda juu ya vigoda, wakakata kamba kwa kisu cha mboga. Baisikeli ilishuka kwa kishindo, pamoja na fungu la mahindi na masizi ya kutosha kumpaka mtu uso mzima. Syokau alikohoa, akasema shetani mwenyewe hana jiko jeusi namna hii, akafunga leso yake vizuri na kuaga, apite ile kona jua lingali juu.

Tryphena akabaki uani na baisikeli. Aliipangusa kwa kitambaa cha maji mpaka rangi ikaonekana. Akaishika mipini. Akainua mguu kuupitisha juu ya chuma, kama alivyokuwa akifanya kila siku bila kufikiri, na mguu ukakataa. Haukuwa na maumivu. Ule upepo ndio uliorudi, hapo hapo uani, siku isiyo na upepo. Alisimama ameshika mipini, kijasho kinamtoka, na hivyo ndivyo Priscilla alivyomkuta.

Priscilla alikuwa na sare ya akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Alisimama langoni.

"Nani ameishusha?"

"Mimi, mama."

"Irudishe."

"Mama, kama ni ya Danson, mwite aichukue. Nitamkabidhi kwa mkono wangu na sitanung'unika. Ila niambie wazi."

"Danson?" Priscilla akamtazama kama aliyetajiwa mtu wa kijiji kingine. "Danson ataifanyia nini? Danson akiona mteremko anashuka anasukuma."

Akaja taratibu, akaketi juu ya jiwe la kusagia lililokuwa kando ya mlango. Kuku wa Syokau, amefungwa mguu, alikuwa akilalamika kwenye kivuli.

"Asubuhi ile uliyokwenda Voi," Priscilla akaanza, "nilikupa uji, sikukutazama usoni. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa na neno. Nilisema moyoni, huyu mwanamke amekalia kitu cha mwanangu kama kwamba mwanangu hakuwahi kuwako duniani. Sikulitoa kinywani. Ningelitoa tungegombana, yakaisha. Nililifunga ndani, nikakuacha uende nalo barabarani."

Tryphena alizaliwa kwenye milima hiyo, hakuhitaji kufafanuliwa. Wazee wa Kitaita walijua kwamba hasira ya mzazi haihitaji kutumwa. Ikifichwa moyoni inatoka yenyewe, inamfuata mtoto njiani, hata kama mzazi hamtakii mabaya. Na dawa yake ni moja. Mwenye hasira huchukua maji kinywani, akayapuliza nje pamoja na maneno mema, mpaka moyo utakate. Ndiko kutasa. Wengi waliobatizwa walikuwa wameacha, au walifanya na kunyamaza.

"Mama, lile lilikuwa lori. Dereva alikuwa na haraka zake za safari. Hata hatujui sisi."

"Najua ni lori, mimi si mtoto. Lakini mbona lisiwe safari nyingine? Mbona iwe safari ile?" Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso. "Nilipobatizwa nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema, ya zamani nimeyaacha. Leo mimi ndiye kiongozi wa akina mama. Nitatasaje? Na nisipotasa, nitakuachaje upande kitu hicho tena? Nikaifunga juu. Sikukunyima, mwanangu. Nilikuwa nakukinga. Nakukinga na mimi."

Tryphena aliyajua majibu ya kanisani, na aliyaamini. Angeweza kuyasema yote, moja baada ya jingine, kwa kipimo. Lakini aliitazama mikono ile iliyokuwa inakunja leso. Ndiyo iliyomwinua kitandani Voi, ikamgeuza, ikamfuta. Kumbe muda wote ule ilikuwa mikono ya mtu anayejiona muuaji. Aliilaza baisikeli chini, akaingia ndani, akachota kikombe cha maji mtungini.

"Tasa, mama."

"Mchungaji—"

"Mchungaji akiuliza, mwambie mwalimu wa gumbaru ndiye aliyekuambia. Mwite huyo huyo tunayemwita Jumapili. Hapa uani hakuna mwingine."

Priscilla alikitazama kikombe muda mrefu. Mwishowe akakivua kile kitambaa cheupe, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya paa dogo la banda la kuku, mbali. "Hiki kisihusike," akasema. Kisha akapiga funda la maji, akalipuliza kulia, akalipuliza kushoto, matone yakaruka kwenye jua.

"Mungu Baba, neno nililolifunga nalitoa hili hapa. Liende na maji, likauke na jua." Akapuliza kwenye gurudumu. "Chuma hiki kiende, kirudi." Akainama, akapuliza kwenye mguu wa Tryphena, pale kwenye kovu. Maji yalikuwa baridi. "Mguu huu uende, urudi. Crispus mwanangu, mama yako hana neno na mkeo. Alikuwa nalo. Sasa hana."

Tryphena akapiga magoti vumbini, wakashikana, na hakuna aliyeharakisha kumwacha mwenzake.

Baadaye Priscilla akajipangusa uso, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Haya. Panda basi."

Tryphena akainua baisikeli. Akashika mipini. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakulitazamia. Hakuna kilichobadilika. Moyo wa mkwewe ulikuwa umetakata, kizuizi kilikuwa kimeondolewa, na miguu yake imeota mizizi pale pale.

"Mama, naogopa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali. Kila lori lilipopiga honi ulinishika mkono. Halafu ukarudi hapa ukawa unawaambia watu ni mimi." Hakuwa na ukali. "Nilisikia. Nikaona afadhali useme ni mimi kuliko ukose la kusema. Lakini sasa siwezi kukubebea tena. Ukisema hapana, ni hapana yako. Ukisema ndiyo, ni yako vilevile. Mimi maneno yangu nimeshayatoa, sina mengine."

Kukicha, Tryphena alisali, kisha akaitoa baisikeli langoni, akaisukuma. Hakuipanda. Aliisukuma tu, kama mtu anayemtembeza ng'ombe aliyemwangusha, mpaka barabara inapoingia kwenye uwanda, vichaka huku na huku. Alitaka kujua anachokiogopa ni nini hasa, maana kuogopa kila kitu kulikuwa kumemchosha.

Lori la maji lilimkuta huko. Alilisikia likiwa bado mbali sana, likiunguruma nyuma ya kilima. Akasimama. Vumbi likaonekana, halafu kichwa cha lori. Alipoona linakaribia akajitupa kichakani, baisikeli na yeye, katikati ya miiba. Dereva akasimama, akachungulia.

"Pole mama. Umeona nyoka?"

"Nimekuona wewe."

Dereva akacheka, akaomba radhi kwa kosa la kuwa yeye, akaenda zake. Upepo wa lori ukampita Tryphena, na vumbi lake, na harufu ya mpira. Alikaa kwenye miiba akingoja kufa, na kufa hakukuja. Akaanza kujichomoa, mwiba mmoja mmoja, na huku anajichomoa akawa anafikiri. Huku lori hutangulizwa na sauti, na baada ya sauti vumbi. Mtu ana nafasi ya kushuka, kusimama pembeni, hata kukung'uta kanga. Kule kwenye lami malori huja mawili mawili, yanashindana, na sauti na chuma vinafika pamoja. Mwili wake ulikuwa unaogopa lami. Nao ulikuwa na haki. Haukuwa mwili mjinga, ila hakuna aliyeuambia kwamba hii ni barabara nyingine.

"Hutaiona tena ile," akauambia mguu kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyesikia. "Nakuahidi mbele za Mungu. Lakini hii, nisaidie."

Akaiegemeza baisikeli kwenye kichuguu, akapanda juu ya kichuguu, akapitisha mguu. Ule mfupi uligusa pedali kwa vidole tu. Akajisukuma. Baisikeli ikayumba kulia, ikayumba kushoto, akapiga kelele isiyo ya kikanisa, kisha magurudumu yakanyooka. Alikwenda mpaka kwenye mti uliokauka, akashuka, akatapika kidogo, akajifuta. Akarudi amepanda. Kesho yake akaja tena, akavuka mti.

Alhamisi Bwana Noah akafika na tai yake. Safari hii hakungoja chai.

"Ndiyo ama hapana, mwalimu?"

"Makwasinyi nitakwenda. Lami sikanyagi tena."

"Na chaki? Na vitabu? Vyote viko Voi."

"Utaniletea wewe na gari lako. Na kitu kingine. Nikisikia injini nashuka, nasimama majanini mpaka ipite. Kwa hiyo siku nyingine nitachelewa. Andika hivyo."

"Nitaandikaje kwa wakubwa kwamba mwalimu anashuka majanini?"

"Kwa kalamu, bwana."

Priscilla, aliyekuwa akichambua mbaazi mlangoni, akaangua kicheko. Noah akamtazama mama, akamtazama mwalimu, akakuna kichwa. "Chaki nitaleta," akasema.

Siku ya darasa Tryphena alitoka mapema. Priscilla alimsindikiza mpaka langoni, wakasali pamoja, wakaagana kwa mkono kama watu wanaokutana kanisani. Alipofika kwenye uwanda akasikia mngurumo nyuma yake, mdogo, wa pikapu labda. Mgongo ukakaza. Akashuka, akasogea majanini, akasimama ameishika baisikeli kwa mikono miwili. Ilikuwa pikapu kweli, imejaa mbuzi, na mtu aliyeketi juu ya mbuzi akampungia mkono. Tryphena akampungia pia. Alingoja mpaka vumbi likatulia na barabara ikaonekana nyeupe tena mbele yake, akatafuta jiwe la kukanyagia, akapanda.